Antena ya Teksi

Mama Lehemu na Ngazi walikuwa wameachana kitambo, ila klabu ya redio ya ridhaa haikuweza kumwacha hata mmoja wao. Mama Lehemu, fundi mwenye kibanda cha redio, ndiye aliyeelewa mitambo. Ngazi, mtalaka wake, ndiye pekee aliyethubutu kupanda mnara. Basi wakawa wanakutana kwenye paa la nyumba ya mwenyekiti na kusalimiana kwa kukohoa.

Chuki ile ilipata kuni mpya siku kampuni moja ya teksi ilipofungwa na kuwaachia antena yake: mlingoti mrefu wenye vitanzi vinne vya alumini, kimoja juu ya kingine, vilivyounganishwa kwa nyaya nene nyeusi. Klabu ilikuwa na ripita, mashine inayodaka sauti hafifu ya redio ya mkononi na kuirusha upya ifike mbali. Ilichokosa ni antena ya maana.

"Haifungwi hivi hivi," Mama Lehemu alisema. "Imepimwa kwa masafa ya teksi. Yetu yako chini kidogo. Kila kitanzi lazima kirefushwe."

"Antena ni antena," Ngazi akajibu, macho kwa mwenyekiti. "Huyu asipopata cha kukosoa halali usingizi. Nimeishi naye, najua."

Mwenyekiti, mstaafu asiyependa kelele, alisema watalizungumza. Hawakulizungumza. Mama Lehemu akiwa kibandani, uso wote ndani ya tumbo la redio ya mteja, Ngazi aliipandisha antena vilevile ilivyo, akawasha ripita na kuanza kujitangaza hewani. Nguvu iliyotakiwa kwenda angani ikakataliwa na antena na kurudi ndani ya mashine. Jioni chumba cha mitambo kilinuka plastiki iliyoungua.

"Pawa saplai yake hiyo, ya kulisha mashine umeme," Ngazi alimwambia mwenyekiti. "Aliiunga mwenyewe."

Mama Lehemu alipoitwa alifungua ripita, akatoa transista iliyokuwa nyeusi kama mkaa, akamwekea Ngazi kiganjani. "Shusha antena."

"Sishushi."

"Basi napanda mimi." Akaukanyaga mnara na kandambili zake miguuni. Mwenyekiti alimshika mkono, na Ngazi, kwa aibu tu, akavaa mkanda wake wa kupandia na kupanda. Aliishusha kwa kamba, kwa mishtuko, na karibu na chini akaiachia. Kitanzi cha mwisho kikabamizwa ukutani na kujikunja.

"Kamba imeniteleza."

"Kamba ina akili. Imekukimbia."

Kazi ya kurefusha Mama Lehemu aliifanya palepale kwenye paa, antena ikiwa imelazwa juu ya vigoda vya mbao, mbali na tangi la maji na nondo zisimharibie vipimo. Alikikata kila kitanzi kwa msumeno kwenye ncha zake, akachomeka vipande vya bomba la alumini vilivyoweza kuvutwa na kurudishwa. Alipima nguvu inayorudi, akavuta kidogo, akapima tena, hadi mshale wa mita ulipokaribia kulala. Hapo ndipo akapiga ribiti, kuvikaza visisogee tena. Kitanzi kilichojikunja alikinyoosha taratibu huku akisema maneno ambayo mwenyekiti alijifanya hayasikii.

Ngazi alikaa juu ya kopo la rangi akitazama. Ghafla akainuka. "Hilo bomba la pazia! La sebuleni! Nililinunua mimi!"

"Ulikuja kuchukua kila kitu, hilo ukalisahau," Mama Lehemu alisema bila kugeuka. "Ukilitaka, utalikuta mnarani."

Na kweli Ngazi alilipandisha mwenyewe, akinung'unika kwa kila hatua. Antena iliposimama, Mama Lehemu aliipima tena nzima, kwa kuwa vitanzi hivyo huathiriana, kisha akaiunganisha na ripita, iliyokwisha kupata transista mpya. Wakamwita hewani binti yao, muuguzi mwenye redio ya mkononi katika zahanati ya ng'ambo ya kilima, ambako klabu haikuwahi kusikika.

"Nawasikia," binti akasema, safi kana kwamba amesimama mlangoni.

Ngazi aliyekuwa ndiyo kwanza ameshuka alimpora mwenyekiti kipaza sauti. "Mwanangu! Unaisikia antena ya baba yako? Jasho langu hili!"

Mama Lehemu akachomoa waya wa umeme ukutani. Ripita ikazima.

"Una wazimu, mwanamke?"

"Endelea. Ongea na jasho lako."

Walitupiana maneno mpaka mwenyekiti akauchomeka waya mwenyewe. Binti bado alikuwepo. "Mmemaliza?" aliuliza. "Mniambie, nina wagonjwa."

Siku hiyo mwenyekiti alitoa amri ya kwanza ya maisha yake: Ngazi hatagusa mtambo wowote bila ruhusa ya Mama Lehemu. Ngazi alikunja kamba yake akaondoka bila kuaga, na hakukanyaga tena paa lile.

Hewani, hata hivyo, haondoki. Kila asubuhi hutoa salamu kutoka nyumbani kwake, mbali ambako zamani redio yake ilitoa mikwaruzo tu. Husifia mnara, husifia hali ya hewa, fundi hamtaji. "Kuna anayenisikia?" huuliza mwishoni. Mama Lehemu, kibandani, anamsikia mpaka anavyovuta pumzi. Hunyoosha mkono, hukipita kipaza sauti, akachukua bisibisi.