Mkono Mpya wa Gitaa la Omondi

Mtu akimuuliza Omondi kazi yake, atasema yeye ni mkulima wa Lambwe, na mahindi yake yapo, ng'ombe wapo. Ila Homa Bay nzima watu walimjua kwa ile sauti moja ya mwisho wa wimbo, aliyoishika na kuitikisa kwa kidole cha kushoto mpaka ikawa kama mtu anayejizuia kulia. Kisha kiharusi kikampiga. Mkono ulirudi, vidole vikakubali kubonyeza nyuzi, lakini kutikisa vikakataa. Tangu hapo wimbo ulikuwa ukifika pale, unakufa.

Joash, aliyempigia besi tangu ujanani, alipofariki, mjane wake Liz alimwomba jambo moja tu: aupige wimbo ule makaburini siku ya Jumamosi, hadi mwisho wake.

Ndipo Omondi akalibeba gitaa lake la umeme hadi Migori, kwa Nyakundi, fundi wa redio, spika na chochote chenye waya. Alikuja pia na kifaa alichotumiwa na mpwa wake: chuma cha kushikia nyuzi mkiani mwa gitaa, chenye springi na mkono mdogo. Ukiubonyeza mkono huo kwa kiganja cha kulia, nyuzi hulegea kidogo. Ukiuachia, zinakaza tena. Sauti hutetemeka, kidole cha kushoto kimetulia.

Nyakundi aligongagonga tumbo la gitaa kwa kifundo cha kidole, sikio limeinama.

"Pembeni huku ni tupu. Nikitoboa hapa skrubu itashika hewa. Mti mzima uko katikati."

"Polepole, omera, ndugu yangu. Huyo ni mke wangu."

"Na Marcella wa nyumbani, yeye si mkeo?"

"Marcella alimkuta."

Drili ilipoanza kulia, Omondi aligeuza uso kama mtu anayechomwa sindano. Chuma kikakaa, nyuzi zikavutwa. Akabonyeza mkono, sauti ikatetemeka vizuri, naye akatabasamu. Alipouachia, gitaa zima lilikuwa limepotea, hakuna uzi uliorudi kwenye sauti yake. Akazikaza nyuzi upya, akajaribu. Likapotea tena.

Akaliweka mezani. "Kitoe. Nitamwambia Liz atafute mtu mwingine."

Nyakundi alikuwa anatazama kichwa cha gitaa, pale nyuzi zinapofungwa.

"Mzee, hivi vigingi umevivika masweta?"

Kila kigingi kilikuwa kimezungushiwa uzi tabaka juu ya tabaka. Ndivyo wapiga gitaa wa rika lake walivyozoea, kwa kuwa nyuzi zilipatikana kwa taabu: hukati kitu, unazungusha wote. Ukikatika karibu na mkia, unafungua mizunguko michache, unapiga fundo, ngoma inaendelea. Joash ndiye aliyemfundisha.

"Hiyo akiba ndiyo inayoteleza," Nyakundi alisema. "Ukibonyeza inalegea, ikirudi inakaa pengine. Tuikate, tubakishe mizunguko miwili mitatu."

"Na uzi ukikatika makaburini?"

"Basi umekatika."

Kidole gumba cha Omondi kikapapasa zile nyuzi zilizofungana. Maisha yake yote hakuwa amewahi kupanda jukwaani bila akiba.

"Kata," akasema.

Koleo likafanya kazi yake. Nyakundi akapaka unga wa penseli kwenye mifereji ya kijifupa cha shingoni, nyuzi zinapopitia, ili zisikwame, akamrudishia gitaa. Omondi akaishika ile sauti, akabonyeza. Ikatetemeka, ikarudi pale pale ilipotoka.

"Inatembea polepole kuliko zamani," alisema.

"Na wewe je?"

Jumamosi, Marcella alisimama akiikinga spika na manyunyu kwa mwavuli. Omondi aliufikisha wimbo mwisho, na pale ulipokuwa ukifa akauegemea ule mkono mdogo, akaivuta sauti hadi watu wakadhani hataiachia. Nyuzi zilishika.

Liz alimsogelea baadaye, leso mkononi.

"Joash angesema umechelewa kumaliza, shemeji."

"Alikuwa akisema hivyo kila mara," Omondi akajibu.