Maziwa ya Suleiman na Karatasi ya Raya

Nakumbuka mwaka ule vitunguu vya Hindi vilipoadimika, Maskati nzima ikala biriani isiyo na ladha. Watu walikaanga kabichi wakajidai ni vitunguu. Sambusa za Ramadhani zilijaa viazi vitupu. Mimi sikukubali. Nilisema biriani yangu ya Ijumaa hainitii aibu mbele ya watu, nikawa napika sufuria ndogo lakini vitunguu vyake vimo vyote. Ndiyo maana mwaka ule siusahau, maana mambo ya Raya yalianzia juu ya sinia ile.

Raya ni mjukuu wangu, binti wa Asya, mwanangu wa kwanza. Alikuwa akifanya kazi Khuwair ya Kusini, kwenye kampuni ya kuagiza vifaa vya maabara. Mwenye kampuni ni Suleiman, na Suleiman ni mwanangu wa ziwa. Mamake alikufa yeye bado mtoto wa arobaini, sisi tukiwa majirani Matrah, tumetoka Unguja juzi juzi tu. Asya wangu alikuwa mchanga vilevile. Nikampakata huyu huku na yule kule, wakanyonya wote mpaka wakaota meno wakaning'ata. Kwa sharia yetu yeye na Asya ni ndugu, na Raya anamwita mjomba. Tangu amekuwa mtu mzima, Ijumaa anakula kwangu. Ana nyumba kubwa na mpishi, lakini Ijumaa atakuja.

Basi Ijumaa moja, tumeshakaa, Raya akasema, "Mjomba, nna jambo. Nimepata kazi kliniki ya hapa Hail. Nataka nimalize kwako mwisho wa mwezi ujao."

Suleiman mdomo umejaa. "Unaniacha? Nani atanipigia kelele ofisini?"

"Oa mke wa pili."

Tukacheka mpaka Asya akashika ubavu. Na Asya siku hizo hakuwa mtu wa kucheka. Mafigo yalikuwa yameshachoka, kila baada ya siku mbili anapelekwa hospitali kusafishwa damu. Anayempeleka ni Raya. Kutoka Hail kwenda Khuwair asubuhi, kurudi kumchukua mama, kumrudisha, kurudi kazini tena, mtoto alikuwa amekonda kama mswaki. Kliniki ile ilikuwa karibu na nyumba, na walimkubalia zamu ambazo zitampa nafasi na mamake. Haikuwa tamaa ya cheo. Ilikuwa ni Asya.

Suleiman akasema, "Nenda, mwanangu. Mama yako ndiye dada yangu. Karatasi usijali. Mimi na wewe tena tuandikiane?"

Nilifurahi mimi! Nikamwongezea nyama. Hapo ndipo tulipokosea, mwanangu, mimi na Raya sote. Neno la jamaa tulilichukua tukalifanya karatasi.

Sasa nikueleze, kwa sababu hata mimi nilielezwa. Hapa kwetu kodi ya mshahara hatukatwi bado. Tunachokatwa ni bima. Kila mwezi wewe unatoa chako na tajiri wako anakutolea chake, miaka inajipanga, ukizeeka upate pensheni usimwombe mtu. Ukihama kazi, tajiri wa zamani lazima aandike kuwa umemaliza kwake. Asipoandika, jina lako limekwama kule, na tajiri mpya hawezi kukuandikisha kwake, hata akikupenda vipi. Unakuwa hupo huku wala hupo kule.

Raya alimaliza mwezi wake, akaaga, akaenda kliniki. Wakamwambia, "Dada, jina lako bado liko kwa wale." Akarudi Khuwair. Meneja wa wafanyakazi akamwuliza notisi yake iko wapi. Notisi aliitoa kwa mdomo, juu ya biriani! Akampigia Suleiman, akaambiwa kesho. Ikawa kesho, ikawa Jumapili inshaallah, ikawa nipo safarini. Kliniki nao wakasema tutakungoja mpaka mwezi uishe, zaidi hatuwezi, wagonjwa hawangoji.

Kumbe mle kampunini watu walikuwa wakiondoka wengi, na Suleiman ameshaamuru karatasi za wanaohama zicheleweshwe, waliobaki waogope. Kulikuwa na msichana, Zamzam, baba hana, mjomba hana, yeye karatasi yake ilikuwa imekwama tangu kabla ya ile ya Raya. Suleiman akimtolea Raya peke yake, Zamzam na wenzake watapiga makelele. Suleiman alikuwa anataka kisingizio cha kumtolea Raya. Na kisingizio chake kilikuwa mimi. Mama akimwomba, nani atamlaumu?

Raya akaja kukaa miguuni kwangu. "Bibi, mpigie. Neno moja tu. Umemnyonyesha wewe, hawezi kukukatalia."

Nikamwambia, "Maziwa yangu siyadai."

"Bibi, siku zinakwisha!"

"Nnajua zinakwisha."

Asya akainua kichwa kwenye mto. Alikuwa ametoka hospitali, uso umemparama. "Mama, mimi ndiye niliyegawana naye ziwa. Hata mimi sina la kusema?"

"Sema ukitaka. Lakini ziwa lilikuwa langu."

Nilisema hivyo, kisha nikenda jikoni nikakaa peke yangu. Usidhani moyo wangu ni wa jiwe. Yule aliyelala pale ni mwanangu.

Lakini nilimkumbuka mavyaa yangu, mamake mume wangu, Mungu amrehemu. Suleiman alipoachishwa ziwa, babake alikuja na bangili ya dhahabu kunishukuru. Mimi msichana, dhahabu sijawahi kuvaa zaidi ya vipuli vya masikioni, nikanyoosha mkono. Mavyaa yangu akanipiga kofi mkononi mbele ya wageni. Akasema, "Rudisha. Ukiivaa hiyo, wewe ni yaya aliyelipwa. Ukiirudisha, huyu ni mwanao mpaka kufa." Nikairudisha huku nalia, nalilia bangili. Miaka ikapita ndipo nikafahamu. Nisingeirudisha, asingekuwapo mtu wa kuja kwangu Ijumaa.

Sasa ningemwomba ile karatasi, si ingekuwa bangili ile ile? Angenipa, angejihisi amelipa, mimi na yeye tumemalizana. Na karatasi yenyewe si zawadi. Ni haki ya Raya. Haki ukishaiomba kama hisani, aliyekunyima anageuka mtu mwema.

Ijumaa ikafika. Suleiman akaja kama kawaida. Nikapakua. Raya hakutoka chumbani. Suleiman akala matonge mawili matatu, akanitazama, akasema mwenyewe, "Mama, najua mna dhiki. Sema neno tu. Sema, Suleiman, kwa haki ya maziwa yangu, mtolee Raya. Kesho itatoka."

"Maziwa yangu siyadai," nikamwambia. "Mtolee kwa sababu amekufanyia kazi na ameondoka kwa heshima. Na Zamzam mtolee kwa sababu hiyo hiyo."

"Zamzam si mtu wetu, Mama."

"Kwani ni mtu wa nani?"

Kisha akasema Raya hana hata notisi. Nikaweka kijiko chini. "Notisi aliitoa hapa, mbele yangu, na wewe ulikuwa unatafuna nyama yangu. Jumapili nakwenda naye ofisi ya serikali ya mambo ya kazi. Wakiniuliza nilisikia nini, ntawaambia nilichosikia."

"Utanishuhudilia mimi, Mama? Mimi?"

"Ntashuhudia. Jina lako litatajwa kwa sababu ulikuwepo."

Aliinuka hajanawa. Nilimsikia anaosha mikono kwenye bomba la uani, muda mrefu, kama anayengoja nimwite. Sikumwita. Gari ikaondoka.

Jumapili nikavaa buibui langu jipya, maana mtu akienda kusema kweli avae vizuri, nikenda na Raya. Zamzam nilimwambia aje, akaja. Kijana wa pale alinisikiliza kwa adabu, akaandika maneno yangu kwa Kiarabu, akanisomea, nikatia sahihi yangu ile ya kupinda. Kampuni ikaitwa. Haikwenda mbio, mwanangu, sitaki kukudanganya. Karatasi zilitoka, ya Zamzam, ya Raya na za wengine, zote pamoja. Miaka ya bima ya Raya ikabaki salama, haikupotea hata mmoja. Lakini mwezi ulikuwa umekwisha, na kliniki ilishampa mtu mwingine ile kazi.

Raya hakusema nami mpaka Ramadhani ikaingia. Ananipa maji, ananipa dawa, haniangalii. Nilivumilia. Asya nikampeleka mimi hospitali kwa teksi, nikashika mkoba wake, nikakaa kwenye kile kiti cha plastiki damu ikizunguka kwenye mipira. Siku moja akaniambia, "Mama, ungemwomba tu." Nikamwambia, "Nnajua." Sikuwa na jengine. Raya baadaye alipata kazi Madinat Sultan Qaboos, mbali kuliko alivyotaka, lakini kazi nzuri, na tajiri wake wa sasa anajua kuwa huyu msichana ana uti wa mgongo.

Basi wewe unayesoma, sikiliza. Ukitaka kuhama kazi, andika. Hata tajiri awe mjomba, hata awe ndugu wa tumbo moja, andika siku unayoaga, akutilie sahihi kuwa amepokea, ubaki na nakala. Usikae nyumbani kungoja uungwana wa mtu. Tazama kwenye simu yako, kwenye ukurasa wa bima, jina lako limeshaondolewa kwa tajiri wa zamani au bado. Ukicheleweshwa, usione haya kwenda kushtaki mapema, siku zako bado zipo mkononi. Sisi tulikwenda tumechelewa. Na usimtume bibi yako akakuombee haki yako kwa mapenzi aliyompa mtu, kwa sababu mapenzi yakishalipwa hayarudi. Nawe uliye tajiri, kalamu iko mkononi mwako, usimfunge mtu kwa karatasi. Anayekuondokea ana mama mgonjwa usiyemjua.

Mungu akufungulie milango, mwanangu, ya mbele na ya nyuma. Akupe riziki ya jasho lako na uzee usionyoosha mkono. Amjaalie Asya wangu nafuu. Na yeyote uliyemlisha, Mungu akuwekee mapenzi yake.

Suleiman hakuonekana Ijumaa nyingi. Kila Ijumaa nilimpakulia, nikafunika. Alirudi vitunguu vilipokuwa vimeshajaa sokoni tena, akakaa pale pale pake, ndevu zimeingia mvi nisizozijua. Raya ndiye aliyemwekea sahani. Akala. Alipomaliza akanibusu kichwa, hakuinuka, uso wake ukabaki kwenye mtandio wangu.

"Nidai, Mama," akasema. "Gari ya Asya, dereva, chochote. Nidai nikulipe, nipate kupumua."

Nikamshika kichwa kama nilivyokuwa nikimshika.

"Maziwa yangu siyadai."