Sweta Lisilo na Mikono

Enzi zetu, wenzangu mliolelewa kambini, mwaka mpya haukuanza kwa fataki. Ulianza kwa kufumua. Sikukuu ikishapita, masufuria yameshasuguliwa na mifupa ya kuku imeshagombewa na mbwa wa kambi nzima, Mama alikusanya masweta yetu ya shule, akatafuta ncha ya uzi, akavuta. Sweta lililokuwa limeanza kunibana kwapani likawa uzi tena, umejikunjakunja kama tambi. Aliuosha, akauanika umefungiwa jiwe ili unyooke, na kabla shule hazijafunguliwa lilikuwa limezaliwa sweta jingine, kubwa kidogo, la rangi ileile ya damu ya mzee.

Siku hizi binti yangu Sharon sweta likikatika kifungo anakwenda kutafuta jingine kwenye mitumba. Nikimwambia kifungo hushonwa, ananitazama kana kwamba nimemwambia akachimbe kisima.

Kambi yetu ya polisi ilikuwa jijini, chini ya kilima cha Kibuli. Baba alikuwa koplo, na Mama alitoka Acholi, kaskazini kabisa mwa nchi. Adhana ya msikitini ndiyo iliyotuamsha sisi Wakatoliki, na jirani zetu Wanubi tuligawana nao ukuta mmoja, moshi mmoja na siri zote. Lugha yetu sote ilikuwa Kiswahili cha kambi, ambacho mtu wa Pwani angekisikia angeshika kichwa. Mimi nilizaliwa siku za mwaka mpya, ndiyo maana nikaitwa Lamwaka, na labda ndiyo maana kazi za mwaka mpya ziliniangukia mimi. Nilipokuwa mdogo kabisa kazi yangu ilikuwa kukaa nimenyoosha mikono mbele, uzi umezungushwa juu yake, Mama akiuvingirisha kuwa donge. Pua ikiwasha, ulivumilia.

Nilipojua kusoma nilipandishwa cheo. Mama hakuwahi kukanyaga darasa. Aliweza kushona pindo kwa mkono usione sindano ilikopita, na vitambaa vyake vya makochi vyenye maua viliazimwa kila arusi ya kambini, lakini herufi kwake zilikuwa kama nyayo za kuku. Kwa hiyo aliziheshimu kupita kiasi. "Mdomo inadanganya," alizoea kusema, "lakini kitabu hapana danganya."

Kitabu chenyewe kilikuwa kimoja. Familia iliyotutangulia katika nyumba ile ilihamishwa ikakiacha juu ya kabati, hakina jalada, hakina jina. Kilikuwa cha Kiswahili, hadithi ya kijana aliyevuka ziwa kutafuta kazi, na dada yake aliyebaki nyumbani akimwekea chakula kila jioni. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi. Tulianza kukisoma siku ya pili ya Januari, mimi kwenye kigoda, yeye kwenye mkeka na sindano zake mbili ndefu. Nilijaribu kuruka aya ili niwahi kucheza, lakini Mama alikuwa na kipimo. Ukurasa mmoja ulikuwa sawa na safu nne za kufuma.

"Wewe Lamwaka! Mimi niko safu ya pili, wewe unafungua karatasi ingine? Rudi nyuma."

Nikarudi nyuma.

Sikujua wakati ule kwa nini hadithi ile ilimshika namna ile. Ama nilijua, lakini kwa kujua kwa mtoto. Mama alikuwa pacha. Yeye ndiye Apio, wa kwanza, na wa pili alikuwa mjomba wangu Ocen, aliyeingia jeshini akapelekwa mbali, vita vikapita, yeye hakurudi wala habari zake hazikurudi. Ndani ya sanduku la bati la Mama kulikuwa na vipande viwili vya sweta la mwanamume, mbele na mgongo, ambavyo alivifuma kidogo kidogo kila mwaka mpya kwa uzi uliobaki kwenye masweta yetu. Vilikuwa vimekamilika lakini havijashonwa pamoja. Mikono hakuifuma. Alisema mikono ya mtu hupimwa akiwa amesimama mbele yako.

Basi, siku tuliyokaribia mwisho, nje watoto walikuwa wanacheza kwepena, ule mchezo wa kukwepa mpira, na upande wetu ulikuwa umepungukiwa mtu mmoja. Waliniita mpaka sauti zikawakauka. Nikafungua ukurasa, kijana wa hadithi ameshapanda meli ya kurudi kwao, meli inakaribia gati, dada yake amesimama na bakuli mkononi. Nikageuza. Hakuna kitu. Kurasa zilizobaki zilikuwa zimechanwa, huenda zilifungia karanga za mtu zamani. Nikimwambia Mama, angenituma nyumba kwa nyumba kuuliza nani anazo. Nikatazama karatasi ile ile, nikakohoa, nikasoma kwa sauti ya mtu anayesoma:

"Meli ilizama, na kaka yake akafa. Mwisho."

Nikafunga kitabu, nikakimbia. Tulishinda mchezo ule. Nakumbuka hadi leo kwamba tulishinda.

Niliporudi, Mama alikuwa mahali palepale. Sanduku la bati lilikuwa wazi. Alikuwa amepata ncha ya uzi kwenye mgongo wa sweta la Mjomba Ocen, na alikuwa anavuta, pole pole, safu kwa safu, machozi yanamtiririka bila sauti. Aliponiona akasema, "Kuja, Lamwaka. Leta mikono." Nikaketi, nikanyoosha mikono, akanizungushia uzi ule. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Kinywa changu kilikuwa huru, ni mikono tu iliyofungwa. Sikusema.

Uzi ule ukawa sweta langu la mwaka ule. Lilikuwa na joto kuliko yote niliyowahi kuvaa, na nililivaa kila asubuhi nikijua limetoka wapi. Mwaka mpya uliofuata Mama alifumua masweta ya wote isipokuwa lile. Lile alilikunja, akaliweka sandukuni pamoja na kitabu, na tangu siku hiyo hakumtaja Mjomba tena ila kwenye misa ya marehemu.

Sasa nina miaka hamsini na minne. Baba alishatangulia. Mama ninaishi naye hapa mtaa wa Ntinda, macho yake yameingia ukungu, lakini vidole bado ni vilevile. Sanduku la bati alikuja nalo. Mwaka mpya huu Sharon alilifungua kutafuta lesu, kanga ya bibi yake, akatoka na kitabu.

"Jaja, hiki ni kitabu gani? Nikusomee?"

Mama alitabasamu kama msichana, akakubali. "Kale, soma. Kutoka mwanzo. Na usiruke."

Sharon, ambaye siku nzima husoma maneno matatu matatu kwenye simu, alisoma kwa zamu tatu za mchana, naye akashikwa na hadithi. Mimi nilikuwa jikoni nikimenya matoke na kuhesabu kurasa. Zilibaki arobaini. Zikabaki kumi na tano. Siku ya tatu nikasikia meli inapandwa, nikaweka kisu chini, nikaenda nikakaa mkekani miguuni pa Mama. Nilimwomba Sharon anyamaze kidogo. Nikasema yote, kurasa zilizochanwa, kwepena, meli ambayo sikuiona ikizama popote. Nililia kama mtoto wa miaka kumi, na sioni aibu kusema hivyo.

Nilisubiri anilaani. Ningepokea.

"Kwa hivyo kitabu haikusema amekufa," alisema mwishowe.

"Haikusema, Mama. Ni mimi nilisema."

"Na haikusema amefika."

"Haikusema."

"Miaka yote hii nimemsomesha misa, bambi, maskini." Akatikisa kichwa, na sijui kama alikuwa anacheka. Kisha akapapasa hewani mpaka akapata kichwa changu, akanipiga kofi moja la kisogoni, zito, la deni la zamani. "Lile sweta iko?"

Lilikuwepo. Sharon alilitoa, dogo, damu ya mzee iliyofifia, na Mama akatafuta ncha kwa vidole.

Kizazi cha Sharon ukikaa nusu saa bila kujibu ujumbe kinasema umekufa. Mama zetu walingoja watu miaka na miaka, na mikono haikukaa bure. Nazikumbuka siku zile kwa wivu, lakini nakumbuka pia zilivyouma. Hesabu ninaijua. Mjomba, kama yuko, ni mzee wa miaka themanini na ushee kama pacha wake. Sijui kama nimemrudishia Mama kitu au nimemfungua kidonda kilichokwisha kufunga.

Nilinyoosha mikono, uzi ukazungushwa. Sharon aliacha simu yake kochini, akaja kutazama. Tuliuosha, tukauanika na jiwe, na ulipokauka Mama akaanza kupachika vitanzi kwenye sindano, akihesabu kwa midomo. Sweta la mtoto ni vitanzi sitini. Akavifikia, akapita. Themanini, akapita. Alisimama kwenye mia na ishirini.

"Jaja, hii ni kubwa sana," Sharon alisema. "Ya nani? Na uzi itafika mpaka mikono?"

"Mabega yake ni pana," Mama alisema. "Mikono wacha. Tutapima akikuja."