Mafuta ya Nazi Katika Maganda ya Risasi

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya klabu ya shabaha, hapa Maskati, Mkuu wa Karakana hakunipa kiti wala chai. Alinitia ganda tupu la risasi kiganjani akaniuliza lina ila gani. Nikaligeuza, nikasema silioni ila. "Limevimba," akasema. "Kila ganda likipigwa huvimba. Kazi yako ni kulirudisha umbo lake."

Ndiyo kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu, na nikijisifu kwayo msinizuie. Vijana wa klabu leo huletewa risasi mpya, hawajui kwamba sisi tulikuwa tukiziunda upya kwa mikono. Ganda lililokwishapigwa tulilisafisha, tukalisukuma ndani ya kalibu, yaani tundu la chuma kigumu lenye umbo halisi la ganda. Kisha tukatia fataki mpya ya kuwashia, baruti iliyopimwa, na kichwa kinachoruka. Ufundi uko pale kwenye kalibu. Ganda kavu hung'ang'ania humo, na kulitoa ni kazi ya msumeno na matusi. Ukilipaka mafuta mengi, hubonyea mabegani, pale linapoanza kuwa jembamba. Kwa hiyo fundi alijulikana kwa mafuta aliyoyachagua.

Yetu yalikuwa ya kuagiza nje, nayo yakaisha nikiwa bado katika miezi ya majaribio. Mkuu, aliyezaliwa Tabora, akaniambia, "Chagua mwenyewe. Ukipatia, nakutilia sahihi ya ajira. Ukikosea, tutaagana vizuri tu."

Nilijaribu grisi ya gari, ikaacha weusi. Nikajaribu mafuta ya cherehani, ganda likakwama. Basi nikafanya ambalo mtoto yeyote aliyelelewa na mama wa Kiunguja angelifanya. Nyumbani kwetu nywele, bawaba za mlango na tumbo la mtoto, dawa yake ilikuwa moja. Nikaleta chupa ya mafuta ya nazi. Banda la mashine halikuwa na kiyoyozi na kiangazi kilikuwa kimepamba moto; maganda yakaingia na kutoka bila ya kelele. Nikajiona bingwa.

Nikayafuta kwa nje, nikayapeleka chumba cha baruti, ambacho kilikuwa na kiyoyozi kikali, nikaanza kujaza. Nilikuwa nimekwisha kufunga risasi mia tatu nilipoona punje za baruti zimenata mdomoni mwa ganda moja. Nikachungulia kwa tochi, nikaona utando mweupe. Mafuta ya nazi yakipata baridi huganda, na mimi, niliyekulia kwenye nazi, nilisahau! Baruti ikishika mafuta huenda isiwake sawasawa. Kichwa hukwama katikati ya mtutu, na risasi ya pili ikifuata, bunduki hupasuka usoni pa mpigaji. Na mpigaji wa risasi zile, kesho yake asubuhi, alikuwa Rahma, binti wa mtaa wa Khuwair ya Kusini, tegemeo la klabu.

Ukizitazama, mia tatu zile zilikuwa safi. Nilikaa nazo kitako. Mke wangu alikuwa mja mzito, na mimi kazi yenyewe bado ya kujaribiwa. Nikajiambia huenda zote zikawaka. Huenda. Nikainuka, nikamwendea Mkuu.

Mkuu alinisikiliza mpaka mwisho. "Nyie watu wa Unguja," akasema, "hata risasi mnaitia nazi? Mnataka kuipika?"

"Nisamehe, bwana. Nna hofu na zote mia tatu, si ganda hili moja tu."

"Nani mwingine anajua?"

"Hapana mtu. Mie nawe."

Akavua saa yake akaiweka mezani. "Basi lete nyundo ya kung'olea vichwa. Tunazibomoa zote."

Tulizibomoa moja moja mpaka alasiri. Rahma alipopita akaambiwa kesho hapana mazoezi, akawaka. "Wallahi mnanchezea! Mashindano si wiki ijayo?" Nikamwambia kosa ni langu, nikamweleza lote, na lile la kukaa kitako nikifikiria kunyamaza pia. Akaondoka bila ya kuaga. Nilihisi aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka masikio yanapata moto.

Siku ya pili nilikwenda duka la dawa kununua lanolini, mafuta ya sufu ya kondoo ambayo wanawake wanaonyonyesha hujipaka. Muuzaji akanipa hongera kwa mtoto ambaye hajazaliwa. Nikayayeyusha katika spiriti, nikayapulizia maganda, nikangoja spiriti ikauke. Yalipotoka kwenye kalibu nikayaosha na kuyakausha ndani na nje. Mkuu akalijaribu la kwanza, la pili, la ishirini. Akachukua kalamu akatia sahihi. Na Rahma akashinda, kwa risasi zangu.

Sikutafuta mafuta mengine tena, na katika miaka yote ile hapana bunduki iliyopasuka kwa kazi ya mkono wangu. Vikombe viko klabuni na majina ya wapigaji; la fundi halimo, nami sina kinyongo.

Sasa nakaa Mabela, pembeni mwa jiji. Idi iliyopita Rahma, ambaye ana wajukuu wanne, alinijia na kofia aliyoishona kwa mkono, vitundu mamia kwa mamia, kila kimoja kimezungushiwa uzi.

"Miezi minane, kwa macho haya haya, na bila ya miwani," akasema. "Nkasema hii ya kwanza ni yako."

Nikaivaa mbele yake, nikalia bila ya haya.