Fundi Viatu Aliyeambiwa Avue

Kwa miaka thelathini na nane fundi viatu aliamini kuwa hakuna shida ya binadamu isiyoanzia kwenye soli. Mteja akilalamikia mgongo, fundi alimtazama kisigino. Akilalamikia mkewe, alimtazama kisigino vilevile, kisha akaguna.

Kwa hiyo mjukuu wake wa kike alipofikisha miaka miwili na miezi miwili bila kupiga hatua, fundi alijua pa kuanzia. Mtoto alikuwa na maneno mengi kuliko umri wake, ila mambo ya mwili yote yalimjia kwa kuchelewa: shingo kukaza, kukaa, kutambaa. Sasa alisimama kwa kushikilia meza ya kazi ya babu. Akiachia, sekunde mbili, puu, makalio sakafuni.

Fundi alizilowesha nyayo za mtoto na kumsimamisha juu ya kipande cha ngozi kavu. Alama ikatoka imejaa kama ya pasi, bila uvungu katikati.

"Si unaona?" alimwambia mkewe. "Mchumba wangu ana nyayo bapa. Uvungu nitamtengenezea mimi."

"Mtengenezee, mradi atembee. Nimechoka kumbeba mke mwenzangu kama gunia, na gunia lenyewe linaniamrisha njia ya kupita."

Viatu vilichukua wiki mbili. Ngozi ngumu, shingo ndefu kupita kifundo, soli nene, na ndani nundu ya kuinua unyayo. Fundi redio wa mlango wa pili alikuja kuvikagua, akasema ukiivalisha meza, meza itaondoka.

Mtoto alivivaa akasimama wima kama nguzo, sekunde kumi nzima. Fundi akapiga makofi. Kisha mtoto akajaribu kuinua mguu, akaanguka kama nguzo vilevile, mzimamzima, bila kukunjika popote.

Bibi alimchukua hadi kliniki ya mazoezi ya viungo. Fundi naye alifuata, kwa matumaini ya kusifiwa. Mtaalamu alikuwa dada mdogo kuliko kitinda mimba wao. Alikigeuza kiatu, akaubonyeza mshono kwa kidole gumba.

"Baba, hii ni kazi safi sana."

"Asante, mwanangu."

"Sasa mvue."

Akaeleza bila haraka, huku akizikunja nyayo za mtoto huku na huku. Watoto wengi wa umri ule wana nyayo bapa, uvungu huja wakikua. Za huyu zilikunjika vizuri na hazikumuuma. Yeye mwenyewe ataendelea kuziangalia. Kilichomchelewesha ni misuli iliyolegea, na mwili ambao haujajua kujizuia ukiyumba.

"Mguu ukiufunga hivi haujifunzi kitu. Uache uguse kigumu, laini, kilichoinama. Akiyumba, vidole ndivyo vinavyokamata."

"Kwa hiyo peku," alisema fundi, kama anayetaja ugonjwa.

"Peku, baba. Mahali salama, kidogokidogo, kila siku. Siku akihitaji kiatu cha kumsaidia, nitakuita wewe. Hebu na wewe vua nikuone."

Fundi alivua. Bibi alicheka mpaka akashika ukuta: pasi ya babu kubwa na ya mjukuu ndogo, zimekaa sambamba.

"Na umetembea miaka mingapi nazo?" aliuliza mtaalamu.

Fundi alivaa viatu vyake. Alinuna siku mbili.

Siku ya tatu aliburuta sumaku sakafu nzima, akaokota kila msumari. Kisha akapanga njia kutoka kigoda cha mkewe hadi mezani kwake: sifongo, mabaki ya mpira, vipande vya ngozi upande wa manyoya juu, kipande cha tairi kilichobinuka. Wateja wakatakiwa kuvua viatu mlangoni, jambo lililowatatiza, maana walikuwa wamevileta vitengenezwe.

Kila asubuhi mtoto alivuka njia ile ameshikwa mikono miwili. Baada ya mwezi, mkono mmoja. Baadaye, kidole kimoja cha bibi, ambacho mara nyingi kilikuwa hakishiki kitu.

Siku yenyewe fundi alikuwa ameinamia kisigino, misumari mitano mdomoni kama kawaida ya kazi. Aliinua macho akamwona mtoto amekiacha kigoda. Sifongo likadidimia, akayumba, mikono juu. Vidole vikajikunja, vikakamata. Hatua ya tatu. Tairi. Ya sita. Fundi, msemaji mkuu wa mtaa, alitazama yote akiwa bubu, kwa kuogopa kumeza misumari.

Mtoto alimfikia, akamng'ang'ania suruali. "Babu, sema!"

Fundi akatoa msumari mmoja, wa pili, hadi wa tano, akiipanga mezani taratibu kuliko ilivyohitajika.

"Mwambie arudi," alimwambia mkewe hatimaye.

"Mwache apumzike, wewe!"

"Arudi. Mara ya kwanza sikuona vizuri," alisema fundi, akipangusa macho kwa aproni yenye gundi.

Mtoto alikuwa ameshageuka.