Biskuti za Ulezi na Sukari Iliyoshuka

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mikono yangu inapoa hata nikiwa nimekaa jikoni karibu na moto. Ilikuwa Krismasi. Jana ulinipigia simu ukiomba nikuelekeze kuoka biskuti zisizo na sukari nyingi kwa ajili ya baba mkwe wako, maana umesikia zangu zinasifiwa hapa Kimandolu. Nitakuelekeza, tena bila kukuficha kitu. Lakini biskuti hizo nilizianza kwa kosa, na kosa lenyewe nusura liniulie mtu ndani ya nyumba. Kwa hiyo nivumilie kwanza na maneno yangu mengi, mapishi yatafuata.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, ndoa yangu haijatimiza hata miaka miwili. Mume wangu alikuwa dereva wa watalii, na watu wa kazi hiyo unawajua, Krismasi ndiyo wanatafutwa kuliko wakati wowote. Yeye alikuwa porini na wageni wake huko simu isikoshika, mimi nikabaki nyumbani na mama yake. Kwa kawaida Wachaga wa mjini hapa mwezi wa kumi na mbili wanafungasha wote kurudi Kilimanjaro. Mama mkwe wangu mwaka huo alisema miguu yake haiwezi safari ya kwao Machame. Alikuwa na sukari, na kila asubuhi alijidunga sindano ya dawa kabla ya kula.

Sasa mimi, mtoto wa Kimeru kutoka kule juu mlimani, nilikuwa napenda sifa. Nilitaka ukoo mzima useme mkwe aliyepatikana ni wa maana. Kila mwezi tukienda kliniki tuliambiwa neno lile lile: sukari ya mama iko juu, jitahidini ishuke. Mwezi unaofuata, bado iko juu, jitahidini. Neno "ishuke" likaniingia kichwani likakaa. Usiku nikisali naomba ishuke. Wifi yangu alikuwa amemletea mama kile kimashine cha kupimia kwa tone la damu ya kidoleni, nami nikikisoma nakuta kumi na tano, kumi na sita, moyo unaniuma kweli. Hakuna aliyeniambia kwamba kuna kushuka kwa kupita kiasi. Au labda niliambiwa, sikusikia, maana nilikuwa na ujuaji.

Nikaamua Krismasi hiyo mama atakula biskuti kama watu wote, ila za kwangu. Nikaenda gulio la Ngaramtoni, nikanunua ulezi, karanga na mayai ya kienyeji. Sikuwa na oveni. Nilioka kwenye sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Za kwanza zilitoka ngumu hata mbwa wa jirani alizinusa akaondoka. Za pili nikapondea ndizi mbivu kidogo na mtindi, zikalainika. Nikampelekea mama moja kwenye kisosi.

Akatafuna polepole, akanitazama. "Mkwe wangu, huu ulezi kwetu tunaunywa. Leo umeamua niutafune?"

Alikuwa anasema mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi. Tulicheka wote wawili. Mama alikuwa mtu wa utani, tena hakuwahi kunipandishia sauti, na ndiyo maana yaliyofuata yananichoma hadi leo.

Nilipoona biskuti zimekubalika, nikavimba kichwa. Nikaanza kusafisha nyumba. Sukari ya kwenye kopo nikaigawa. Asali aliyotuletea mjomba kutoka mlimani nikampa mlinzi wa nyumba ya pili. Kreti ya soda iliyoletwa kwa ajili ya wageni nikairudisha dukani. Nikajiambia, mgonjwa wa sukari anakaaje nyumba moja na sukari? Si unaona lugha yetu yenyewe ilivyonichezea? Ugonjwa tunauita sukari, kilicho kwenye damu tunakiita sukari, cha kwenye chai nacho sukari. Kwangu mimi yote hayo yalikuwa adui mmoja.

Siku tatu kabla ya Krismasi nilikuwa nafua khanga za mama. Kwenye pindo la moja nikakuta fundo. Nikafungua. Pipi nne!

Jamani, nilichemka. Kumbe mimi nahangaika na mkaa, moshi unanitoa machozi, mwenzangu ananizunguka! Nikaingia chumbani kwake akiwa nje anaota jua, nikapekua kikopo chake cha nyuzi na sindano, nikakuta nyingine. Zote nikazitupa chooni. Sikumwambia neno. Nilimhurumia, nikasema nisimwaibishe mtu mzima. Ndivyo nilivyojidanganya.

Asubuhi ya Krismasi mama alijidunga sindano yake kama kawaida, akanywa uji kikombe nusu. Alisema tumbo halitaki, atakula vizuri tukirudi. Tukaenda ibadani. Ibada za Krismasi unazijua, kwaya nne na kila kwaya nyimbo tatu, na baada ya hapo mnada wa sadaka nje: mkungu wa ndizi, jogoo, mtungi wa maziwa, watu wanashindana na hakuna anayetaka kuondoka. Saa saba ilitukuta bado tupo. Nilimwona mama akishika pindo la khanga yake. Akashika pindo la pili. Akafungua pochi, akafunga. Nilijua anatafuta nini, mwanangu. Nilijua kabisa, na nikatabasamu peke yangu, nikasema moyoni leo umepatikana.

Tulirudi kwa miguu. Kwenye kile kimlima cha kuingilia mtaani kwetu akaanza kutoka jasho, na siku yenyewe ilikuwa na mawingu. Nikadhani ni uchovu. Tulipofika akakaa kwenye kochi bila kuvua viatu, yeye ambaye hakuwahi kukanyaga zulia na viatu. Mikono inamtetemeka. Nikamuuliza kama nimletee maji. Akanijibu kwa ukali, "Niache!" Sikuwahi kusikia sauti ile kutoka kwake. Halafu akaanza kuongea Kimachame, haraka haraka, akiniita jina la dada yake aliyefariki zamani. Kimeru chetu na Kimachame chao vinasikilizana kidogo, kwa hiyo nilielewa. Alikuwa anauliza kwa nini nimefunga mlango wa ng'ombe wakati bado wako nje.

Hapo hofu ikaniingia. Nikachukua kimashine, nikamchoma kidole, nikasubiri. Ikaandika mbili nukta tatu.

Unajua nilifanya nini? Nilipiga kigelegele. Mbili! Tumetoka kumi na sita hadi mbili! "Mama, sukari imeshuka! Bwana asifiwe, biskuti zimefanya kazi!" Nikamshika mabega kwa furaha, na gauni lake lilikuwa limelowa jasho mgongo mzima. Kichwa chake kikalala upande. Macho yananitazama lakini hayanioni.

Furaha ikakatika pale pale. Nikasema basi ni njaa, nikaleta biskuti, nikamwekea moja mdomoni. Hakutafuna. Makombo yalimdondoka kifuani. Nikasema labda ni malaria imempanda kichwani. Nikasema labda ni presha. Yote niliyafikiria isipokuwa lile lililokuwa limeandikwa kwenye kimashine mkononi mwangu, kwa sababu lile nililihesabu kuwa jibu la maombi yangu. Nilikuwa peke yangu na mama wa watu, mtoto wake yuko porini, na nilimwona anakwenda.

Nikatoka mbio bila viatu hadi kwa Mama Aikande. Huyu alikuwa jirani yetu, nesi mstaafu, mwanamke wa maneno machache na jicho kali. Nilimkuta anapakua pilau. Aliuacha mwiko ndani ya sufuria tukakimbia wote.

Alimgusa mama shingoni, akamuita kwa jina, mama akaguna. "Umempima?"

"Ndiyo. Imeshuka vizuri, iko mbili nukta tatu."

Alinigeukia. Sijawahi kutazamwa vile tena maishani. "Imeshuka vizuri? Lete sukari, haraka!"

"Mama Aikande, yeye ana sukari, haruhusiwi..."

"Lete sukari nimesema!"

"Haipo."

"Soda?"

"Nilirudisha."

"Asali? Juisi? Pipi?"

Niliposikia neno pipi, nikakaa sakafuni. Ndipo nilipoelewa zile nne za kwenye pindo zilikuwa za nini.

Mama Aikande hakunisubiri. Alikimbia kwake, mama mtu mzima yule, na mimi nikabaki nimemshika mama mkono. Mkono ulikuwa wa baridi, umelowa. Sijui alichukua dakika ngapi. Niliona ni nyingi kuliko ibada nzima. Nilimwambia Mungu anichukue mimi, nikamwambia mama anisamehe, nikamwambia ng'ombe wameshaingia wote, mlango nimefungua. Nilisema chochote kilichonijia ili asifumbe macho.

Akarudi na bakuli la sukari na soda. Akamkalisha vizuri, akamjaribu kwa tone kuona kama anameza. Alikuwa bado anameza, ashukuriwe Mungu. Akaniambia, "Angekuwa hamezi, tusingemmiminia kitu mdomoni, angepaliwa. Tungembeba tukimbilie hospitali." Akampa kijiko kimoja kimoja cha maji mazito ya sukari. Huku anampa, ananisema kwa sauti ya chini, na ile sauti ya chini iliniuma kuliko kelele. "Sukari ikiwa juu inamla mtu miaka. Ikishuka namna hii inamchukua kabla pilau haijapoa. Sindano hii inashusha, mtoto wangu, haijui kusimama. Akichoma asipokula, inaendelea kushusha tu."

Baada ya robo saa hivi mama alipepesa macho. Akatazama viatu vyake juu ya zulia, akashangaa. Akaniita kwa jina langu. Nililia hadi Mama Aikande akanifukuza nikapashe ndizi na nyama, ale chakula kamili, sukari isije ikashuka tena. Kesho yake asubuhi tulimpeleka hospitali wakampangia dozi upya.

Jioni ile ya Krismasi nilimwambia ukweli. Nilipiga magoti mbele yake nikasema, mama, pipi zako nilizitupa mimi, za kwenye khanga na za kwenye kopo. Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane.

Akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo. "Kumbe ni wewe," akasema. "Siku tatu nazitafuta. Nesi wa kliniki ndiye aliyeniambia nisitembee bila hizo. Nikajua nimeziweka, sizioni. Nikasema basi, akili imeanza kuniacha kama ilivyomwacha mama yangu. Nilikuwa naogopa hata kukuuliza, usije ukajua kwamba nimeanza kuchanganyikiwa."

Siku tatu, mwanangu! Nilimtia mzee wa watu hofu ya kurukwa na akili, ndani ya nyumba ya mwanaye, huku nikijiona namtunza. Yeye anaogopa kuniuliza, mimi naona aibu kumuuliza, na kati yetu kifo kimekaa kinasubiri. Akaniwekea mkono kichwani akaniambia, "Siku nyingine, mkwe wangu, niulize. Mimi ndiye ninayeumwa."

Aliishi miaka kumi na mmoja baada ya pale, na kila Krismasi aliniagiza ule ulezi wake wa kutafuna. Mimi nilioka, na kila nilipooka niliogopa. Hata leo nikiona mtu mzima anatoka jasho bila jua, namuuliza kama amekula.

Basi chukua kalamu. Vikombe viwili vya unga wa ulezi, kimoja cha ngano, ndizi mbivu mbili zilizopondwa, yai moja, mtindi nusu kikombe, siagi vijiko vitatu, karanga za kusaga kiganja kimoja, mdalasini, na baking pauda kijiko kidogo. Usizikandamize sana. Moto uwe wa wastani. Mpe baba mkwe wako mbili, si sahani nzima, maana hata hizi zina wanga na ndizi ina utamu wake. Usije ukamwambia mtu kwamba ni dawa.

Lakini kabla ya kuwasha mkaa, nenda ukakae naye. Muulize anatumia dawa gani, anachoma saa ngapi, akizidiwa anajisikiaje, na akiba yake ya sukari anaiweka wapi. Akikwambia, usiiguse. Ukimpima, usifurahie namba ndogo kabla hujamtazama usoni. Siku ya ibada ndefu beba chakula chake, hata kama watu watakucheka na kontena lako. Na usimfanyie mtu mzima wema wa kificho, mwanangu, hata kama unampenda kiasi gani, kwa sababu asiyeulizwa hana namna ya kukwambia kwamba unamuua.

Mungu akupe moyo wa kuuliza na masikio ya kungoja jibu. Akuepushe na mchana kama ule wangu. Na wazee wa nyumba yako wale chakula cha Krismasi hii na nyingine nyingi wakiwa wamekaa mezani, wanakuita kwa jina lako.