Mche wa Sabuni Niliompa Msusi Wangu

Ndugu wasomaji, kosa ni langu. Sikutumwa na mtu, sikurogwa, wala sikuwa mgonjwa. Nilitaka kupendeza kichwa, basi, na kwa ajili ya kichwa hicho mwanamke mwenzangu alifukuzwa kazi na kuitwa mwizi, mimi nimekaa pale pale, kimya. Najua gazeti hili linasomwa na watu wenye shughuli zao. Nisikilizeni kidogo tu.

Naishi Sumbawanga, Majengo. Si mzaliwa wa huku. Nilitoka Mbeya kumfuata mume wangu, ambaye ni mtunza stoo wa duka moja la ushirika. Humu nitajiita Mama Tumaini, ingawa si jina langu, na wenzangu pia nimewabadilisha majina.

Jirani na soko letu kuna banda la akina mama wasusi. Ni kikundi cha kijamaa hasa, si cha mdomoni. Msusi hachagui kichwa, na kichwa hakichagui msusi. Unakaa kwenye foleni, na msusi atakayemaliza kwanza ndiye wako. Bei ni moja, uwe mke wa bwana shamba au bibi muuza ulezi. Na kumpa msusi bakshishi mkononi ni marufuku! Ukitaka kutoa asante unaiweka kapuni mbele ya wote, jioni wanagawana sawa kwa sawa. Nimeona kwa macho yangu yai moja la asante likichemshwa na kukatwa kwa uzi wa kusukia, kila msusi apate kipande.

Safari moja mke wa mwalimu alileta kuku mzima. Kikao kikakaa kuamua achinjwe au afugwe, kikaahirishwa, kikakaa tena, na yule kuku akafa kwa kideri kabla uamuzi haujapatikana. Nilicheka sana habari ile.

Shida yangu ilikuwa Mama Restituta, mwenyekiti wao. Mama mwadilifu, mkulima hodari, mtu wa kanisa. Lakini kusuka! Jamani! Alikuwa ananisuka kama anafunga gunia la mahindi linalokwenda safari ya mbali. Ukitoka mikononi mwake nyusi zimepanda, macho hayafumbi sawasawa, na kulala ni kwa kukaa. Nikiguna ananiambia, "Vumilia, mama. Mbona wenzako hawalii?" Nikiwatazama wenzangu, kila mmoja anaangalia pembeni, machozi yanamlenga.

Na katika banda lile lile alikuwapo Sabina. Mfipa wa vijiji vya jirani, mwembamba, maneno mengi, mikono myepesi. Akikusuka mtindo wa twende kilioni unaweza kusinzia, na misuko imenyooka utadhani imechorwa. Foleni ilikuwa inaniangusha kwa Mama Restituta kila mara. Nikaanza kuona ujamaa huu una kasoro, na kasoro yenyewe iko kichwani kwangu.

Mwaka ule sabuni ilikuwa imepotea kabisa. Kaya moja ilipata mche mmoja, na hapo duka liwe limeletewa. Watu walifulia majivu. Nguo nyeupe za mji mzima zilikuwa na rangi moja, ile ya maji yaliyooshewa ulezi.

Kwangu ilikuwapo miche mitatu chini ya kitanda. Mume wangu aliileta jioni moja ndani ya gunia, akasema, "Tunza." Sikumwuliza imetoka wapi. Niliogopa jibu, nikaona heri nisijue.

Basi nikachukua mche mmoja, nikaufunga kwenye kanga, nikaenda nyumbani kwa Sabina kama mtu anayekwenda kusalimia. Nilimkuta anatwanga.

"Dada Sabina, hii asante yako."

Akafungua, akafunga haraka. "Mama Tumaini! Hii si inakwenda kapuni?"

"Hii ni yako wewe. Kapu lisijue."

"Unanitafutia maneno."

"Nani atajua?"

Najua alichokuwa anafikiri, kwa sababu alinitajia mwenyewe. Binti yake, Veronika, alikuwa anakaribia kupata komunyo ya kwanza. Gauni lilikuwapo, la kuazima, lakini lilikuwa jeusi kwa uchafu na majivu yalishindwa kulitoa. Sabina akautazama mche, akatazama mlango, akauweka chini ya kinu. Akaniambia, "Haya. Ila mimi sikukuomba."

Ni kweli, hakuniomba.

Tangu siku hiyo foleni ikanipenda. Nikiingia tu bandani, Sabina ndio kwanza amemaliza kichwa. Nikichelewa, kichwa kile kile kilimchukua asubuhi nzima. Nilikuwa napita sokoni na twende kilioni yangu, shingo imenyooka, nasalimiwa mpaka na watu nisiowajua. Nilijiona mjanja, wallahi.

Ikafika Jumapili ya komunyo. Mimi si Mkatoliki, lakini nilikwenda kutazama kama watu wengine. Watoto wakaingia kwa mistari, wasichana kwa magauni ya rangi ile ile ya maji ya ulezi. Katikati yao akaingia Veronika. Ndugu zangu! Mtoto alikuwa anang'aa! Gauni lilikuwa jeupe mpaka ukilitazama unakunja macho. Wimbo ulikuwa unaimbwa, lakini upande wa akina mama sauti zilipungua. Nikamwona Mama Restituta anageuza kichwa polepole kumtazama Sabina. Sabina alikuwa analia kwa furaha, hakuona kitu.

Kesho yake nilikuwa bandani. Nimeketi mkekani, mgongo wangu katikati ya magoti ya Sabina, nywele za upande wa kulia zimesukwa, za kushoto zimesimama. Mama Restituta akapiga makofi.

"Ndugu washirika, kazi isimame kidogo. Dada Sabina, gauni la Veronika tumeliona."

"Asanteni," Sabina akasema.

"Halikufuliwa kwa majivu."

"Hapana, mama."

"Sabuni umetoa wapi?"

"Nilipewa."

"Na nani?"

Vidole vyake vikasimama kichwani mwangu. Bibi mmoja aliyekuwa anakohoa akaacha.

"Aliyenipa ana mdomo," akasema Sabina. "Akitaka atasema mwenyewe."

Kisha akaushika msuko wangu mmoja, akauvuta kidogo, kama mtu anayebisha hodi.

Sasa nisikilizeni. Neno lilikuwa fupi tu: ni mimi. Lakini nikaona miche iliyobaki chini ya kitanda. Nikaona wakiniuliza, "Na wewe umeipata wapi?" Nikaona mume wangu anaitwa mlanguzi, stoo inakaguliwa, anachukuliwa. Siku zile mtu akikutwa na sabuni ya ziada alikuwa na maelezo marefu ya kutoa. Nikautazama mkeka. Ulikuwa mkeka mzuri, umefumwa vizuri.

Akavuta tena. Nikazidi kuutazama mkeka.

Basi wakaanza. Mmoja akasema sabuni ile huenda ni ya magendo, imevuka mpaka pale Kasesya. Mwingine akasema huenda imeibwa mahali. Kikao kinafungwa, neno "huenda" limekwisha kudondoka, Sabina amebaki mwizi. Wakamwondoa kikundini kwa ubinafsi na kwa kuficha mali ya wote. Waliinua mikono. Mimi sikuwa mshirika, sikutakiwa kuinua mkono, na Mungu anisamehe, nilishukuru kwa hilo!

Sabina akafuta mafuta mikononi, akachukua kitana chake. Akanigusa bega. "Mama Tumaini, upande wa pili watakumalizia."

Akamalizia Mama Restituta. Kulia nilikuwa wa Sabina, kushoto wa Mama Restituta, na jicho moja likawa kubwa kuliko jingine. Nililia sana siku ile. Mama Restituta akadhani ni maumivu, akanionea huruma kwa mara ya kwanza, akalegeza mkono.

Sabina hakukaa tena mjini. Maneno yalimfuata mpaka kisimani, na Veronika wakamwita Mtoto wa Magendo. Mama na mtoto wakateremka Kirando, ziwani, kwa kaka yake Sabina, kwenda kuanika dagaa.

Nilikaa na jambo hili moyoni mpaka chakula kikanishinda. Mwishowe nikamwambia mume wangu yote, tukiwa mezani. Akaacha kula.

"Ile sabuni?" akasema. "Ile ililoweshwa na mvua kwenye lori, ikamomonyoka pembeni, ikawa haiuziki. Meneja alitugawia watumishi wote mchana, nje ya duka, watu wanaona. Hata mke wa karani wetu aliipata, na si anasuka hapo hapo kwenu?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa nini hukuniuliza?" Akanawa mikono, chakula amekiacha. "Kwa hiyo siku zote hizo ulikuwa unalala na mwizi."

Loo! Mume wangu ni mtu mpole, ananiita kwa jina langu mpaka leo, lakini haniletei tena kitu akaniambia "Tunza." Anakiweka mezani, ananieleza kimetoka wapi, nani alikuwapo, na kwa nini. Kila kitu, hata kiberiti. Naona aibu kila anapoanza kueleza.

Nikapanda lori la dagaa, nikateremka Kirando. Joto la kule ziwani linanimaliza, lakini nilikwenda. Nilimkuta Sabina ufukweni anageuza dagaa, kitambaa kichwani, mikono ile myepesi imechanika kwa mchanga na jua. Veronika alikuwa anafukuza ndege. Aliponiona akaniamkia vizuri, shikamoo mama, kama mtoto aliyelelewa. Hilo liliniumiza kuliko kama angenitukana!

Nikapiga magoti kwenye mchanga. Nikasema yote: miche, kitanda, hofu yangu, na kwamba kumbe sabuni yenyewe ilikuwa halali. Sabina akaendelea kugeuza dagaa mpaka nikamaliza.

"Umeshawaambia?" akauliza.

"Akina nani?"

"Bandani."

"Bado. Nimekuja kukuambia wewe kwanza."

Akacheka, kile kicheko chake cha zamani. "Mimi ulinipa kwa mkono wako, Mama Tumaini. Mimi nilikuwa najua. Umepanda lori siku nzima kuja kumwambia mtu pekee aliyekuwa anajua."

Akanipa maji ya kunywa. Akanifungia dagaa wa kwenda nao. Nikataka kulipa, akakataa, akasema kitu cha mkono wangu sasa anaogopa kukipokea. Alisema kwa upole, na alimaanisha.

Ndugu zangu mnaosukwa na kunyolewa, mnaniuliza msusi apewe bakshishi au asipewe? Apewe! Kazi ya kupiga magoti na kuinama juu ya vichwa vya watu si ndogo. Lakini toa mbele ya macho ya watu, na kama wenzake wana kapu, tia kapuni, hata kama itakatwa kwa uzi. Ukiona lazima uifiche kwenye kanga, jua hutoi asante, unanunua zamu ya mwenzako. Na siku mpokeaji akiulizwa kapewa na nani, tafadhali, fungua mdomo. Usimngoje avute mara ya pili.

Nanyi akina mama wenye waume wa stoo, ulizeni. Ulizeni jioni ile ile.

Ndugu mhariri, nina ombi moja. Gazeti lako huku hufika kwa basi, limechelewa, na nakala moja huletwa bandani. Wengi wa wale akina mama ndio kwanza wanaanza darasa la elimu ya watu wazima, kwa hiyo gazeti wanasomewa kwa sauti huku wakisuka, ukurasa kwa ukurasa, mpaka matangazo. Anayewasomea ni mimi.

Kwa hiyo ukilichapa hili usilifupishe. Nimejaribu kulisema kwa mdomo wangu, kila Jumamosi nafika mlangoni nalo, naingia, naanza kusoma bei za mazao. Safari hii nitalikuta limeandikwa mbele yangu na wao wamekaa wanangoja. Nitasoma. Na Mama Restituta akiuliza huyu mama ni nani, mbona habari yake kama ya hapa kwetu, nitaliweka gazeti chini na kumjibu.